Nimekunywa maji ya kisima karibu na Shinkolobwe siku tatu. Wajuzi wa urani, nipeni ukweli

#1 Tairi Kumi na Nane

Wakuu, salaam. Mimi dereva wa masafa, Dar hadi Kolwezi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, huu mwaka wa tisa. Mwezi uliopita nikirudi na shaba, propela ikakatika kati ya Kolwezi na Likasi. Nikalala pale siku tatu nasubiri spea itoke Lubumbashi. Wenyeji watu wema sana, wakanipa maji ya kisima chao. Nikapikia ugali, nikanywa, nikaoga.

Siku ya tatu jioni akaja mzee mmoja kupiga stori. Akaniuliza, "Unakunywaka mayi ya hapa?" Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, akanyoosha mkono kwenye vilima, akasema nyuma ya vile ndiko Shinkolobwe, yalikotoka mawe ya bomu walilopigwa Wajapani, na baba yake alikatazwa kuchota maji upande ule.

Sikuwahi kulisikia hilo jina. Nimefika Dar nikaingia mtandaoni, tangu hapo usingizi umepungua. Tumbo linasumbua, na mkojo mara mbili tatu umetoka na wekundu. Mgodi ulifungwa zamani, je, maji yake yanaweza kutembea hadi kisima cha kilomita kama nane hivi? Na siku tatu zinatosha kumdhuru mtu? Matusi sitaki, nina familia.

#2 Ngoja Kwanza

Naweka mkeka hapa. Wajuzi wanakuja.

#3 Msukuma Baiskeli

Mkuu zima taa usiku ujiangalie. Kama unaona njia ya chooni bila tochi, umeshaiva.

#4 Nyundo ya Mwamba

@Msukuma Baiskeli acha utoto, mwenzio ana hofu.

Dereva, nimefanya kazi za miamba ukanda ule wa shaba, upande wa Zambia na upande wa Kongo. Shinkolobwe iko kama kilomita 20 magharibi mwa Likasi. Aliyeligundua lile jabali ni Robert Sharp, 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, wakaanza kuchimba 1921. Wakati huo urani haikuwa na bei. Walitaka radiamu, metali ya mionzi inayokaa pamoja na urani, wakawa wanasafirisha mawe hadi Olen kule Ubelgiji kuikamua. Mwaka 1937 wakafunga, shimo likajaa maji. Ikaja vita, Wamarekani wakaleta wahandisi wa jeshi 1942 kulifufua. Uhuru ulipokaribia 1960, Wabelgiji wakaziba kwa zege na kuondoka.

Mawe yale hayakuwa ya kawaida. Migodi mingi duniani inachimba mwamba wenye urani chini ya asilimia moja. Shinkolobwe walikuwa wanatoa mzigo wa asilimia 65. Hata taka waliyoitupa pembeni ingekuwa utajiri mahali pengine.

Je, inaingia kwenye maji? Urani ikiwa ndani kabisa ya mwamba ambako hewa haifiki, imelala, haiyeyuki. Ukiipandisha juu ikapigwa na hewa na mvua, inabadilika na kuanza kuyeyuka, hasa penye chokaa na magadi. Ndiyo maana Shinkolobwe ina mawe ya njano, machungwa na kijani kama pipi. Hiyo rangi ni urani iliyokwisha kusafiri na kuganda upya. Kwa hiyo kutembea inatembea. Kilomita nane ndipo ninapokuwa mgumu. Inategemea kisima kiko upande gani wa mgongo wa vilima. Maji ya chini hayaendi yanapotaka, yanafuata mteremko.

#5 Popo wa Mchana

Halafu mzigo wenyewe ulipita kwetu Kigoma, ukashuka na reli ya kati hadi Dar, meli hadi Marekani. Babu yangu alikuwa kuli bandarini. Tunalalamikia Kongo na sisi wenyewe tumebeba.

#6 Nyundo ya Mwamba

@Popo wa Mchana hapana mkuu. Wabelgiji walikuwa na Belbase, yaani maeneo yao ya bandari, Kigoma na Dar, hilo kweli, na shaba ilipita. Ila urani ya wakati wa vita ilipanda treni hadi Port-Francqui, siku hizi Ilebo, ikashushwa kwenye majahazi ya mto hadi Léopoldville, siku hizi Kinshasa, kisha reli hadi bandari ya Matadi. Ile ya mwanzo, tani kama 1,200, Sengier aliyekuwa mkuu wa Union Minière aliitanguliza New York 1940 kabla Marekani haijaingia vitani. Ikakaa ghalani Staten Island karibu miaka miwili bila mtu kuuliza, hadi Septemba 1942 alipokuja afisa wa jeshi kuinunua.

#7 Popo wa Mchana

Sawa, nimenyolewa. Ila babu alibeba kitu kizito, sitaki ubishi kwenye hilo.

#8 Msukuma Baiskeli

Babu alibeba misumari.

#9 Mutoto wa Panda

Jambo yenu. Miye njo mutoto ya Likasi, banizala ku Panda, sasa niko Lubumbashi. Nitajikaza kuandika Kiswahili bora juu ninajua Watanzania mutanicheka.

Yule mzee hakukudanganya na hakukuambia yote. Shinkolobwe haikulala tangu 1960. Miaka ya mwisho ya tisini creuseurs waliingia, yaani wachimbaji wa mkono, maelfu ya watu. Hawakutafuta urani, walitafuta kobalti, ile nyeusi. Lakini hapo mahali huwezi kuchukua moja ukaacha ingine. Mjomba wangu alichimba pale. Walilala juu ya shimo, walipika pale, waliosha mawe kwenye kijito na kuchota maji ya kunywa hapo juu kidogo. Rais Kabila alifunga kwa amri Januari 2004. Watu wakabaki. Julai mwaka ule shimo lilianguka, walikufa wanane. Kisha kijiji kikachomwa, watu wakafukuzwa. Na hata baada ya ile, usiku watu waliingia.

Kwa hiyo zege la Mubelgiji haliko kitu tena. Limetobolewa kama jibini.

#10 Ngoja Kwanza

"Haliko kitu tena" 😂 nakipenda Kiswahili cha Lubumbashi, endelea ndugu.

#11 Fundi Maabara

Tuanze na mgonjwa, siasa baadaye. Niko maabara ya hospitali, Mbeya.

Dereva, urani inayomezwa na maji haipenyi sana. Chini ya asilimia 2 ndiyo inaingia kwenye damu, iliyobaki inatoka chooni. Ile iliyoingia, nyingi inatolewa na figo ndani ya siku chache. Kwa maji ya kunywa, madhara ya kwanza ya urani ni ya kikemikali: inaumiza figo, kama risasi au zebaki zinavyoumiza viungo vyake. Mionzi yake inakuja nyuma. WHO wanaweka kikomo cha maikrogramu 30 kwa lita, na wamekisogeza wenyewe: 1998 kilikuwa 2, 2004 kikawa 15, 2011 kikawa 30. Kikomo hicho ni cha mtu anayekunywa kila siku maisha yake yote. Siku tatu ni kitu kingine. Wa kuhofia ni wale waliokupa maji, wanaokunywa tangu wakiwa tumboni.

Mkojo mwekundu nao una mambo mengi. Nenda kapime kwanza. Na swali moja: kwenu wapi?

#12 Tairi Kumi na Nane

Nimekulia Misungwi. Mashamba ya mpunga.

#13 Fundi Maabara

Nilijua. Kapime kichocho.

#14 Msukuma Baiskeli

Hahahaa! Wamarekani wanasingiziwa bure, konokono wa Misungwi ndiye mwenye kesi.

#15 Dada wa Likoni

Hamjambo. Mimi si mtaalamu, ila jambo moja linanikera. Mnasema mzee alikatazwa kuchota maji "upande ule". Alikatazwa na nani? Wakati wa vita jina la Shinkolobwe lilifutwa kwenye ramani, wakaweka ulinzi. Huenda katazo halikuwa na lolote na maji. Mzungu hakutaka mtu asogee, na njia rahisi ya kumzuia Mwafrika asisogee ni kumwambia maji yana sumu. Hata sisi tulipokuwa wadogo tuliambiwa kisima fulani kina jini, kumbe bwana mwenye shamba alikuwa hataki miembe yake iguswe.

#16 Mutoto wa Panda

@Dada wa Likoni hiyo nimeipenda, na inaweza kuwa kweli. Lakini kuko bazee wengine wanasema jina lenyewe Shinkolobwe ni tunda linalochemshwa, linapoa nje, ndani linabaki moto, ukiliminya linakuunguza. Jina liko zamani kuliko Mzungu.

#17 Nyundo ya Mwamba

Jina linaweza kutangulia bila kuwa onyo. Tusigeuze tunda kuwa kipimo cha mionzi.

Ila kuna kitu kimenijia tangu niandike ile #4. Shimo lilijaa maji kuanzia 1937. Mwaka 1942 Wamarekani wakapiga pampu kulikausha. Maji yaliyolala miaka mitano ndani ya urani ya asilimia 65 walimwaga wapi? Yalishuka bondeni, hayana kwingine pa kwenda. Na tope lake likatulia kwenye mikunjo ya vijito. Radiamu inashika kwenye udongo wa mfinyanzi, na inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mtu akichimba kisima leo kwenye tope la bonde lile, hahitaji mgodi uvuje. Anachimba mahali palipochafuliwa 1942.

#18 Ngoja Kwanza

Hii sasa ndiyo inaninyima usingizi mimi.

#19 Mchunga Ng'ombe Digitali

Mnahangaika na Shinkolobwe wakati mkosaji mkubwa yuko mjini. Nimeishi Likasi miaka minne kwa kazi za ukandarasi. Kiwanda cha Shituru kipo tangu enzi za Wabelgiji, kinalowesha shaba na kobalti kwenye asidi. Majitaka yameingia mto Panda, Panda unapeleka Lufira, Lufira unatua ziwa Tshangalele. Samaki wa ziwa lile wamepimwa na watafiti, wana metali mwilini. Rangi ya Panda nimeiona kwa macho yangu, siku ya kijani, siku ya kutu. Kama kuna sumu kwenye maji ya ukanda ule, asilimia tisini ni shaba na kobalti. Urani ni jina kubwa tu la kutisha watu.

#20 Mutoto wa Panda

Asilimia tisini umepima na nini, na kijiko?

Panda yetu iko vile, sikatai. Nimeogelea humo mutoto na ngozi inajua. Lakini dereva alikuwa magharibi ya Likasi, kabla ya kufika mujini. Panda haipandi mulima kumufuata.

#21 Mchunga Ng'ombe Digitali

Hapo umenishika. Lakini vumbi linapanda mlima. Na malori je? Yanapita mamia kwa siku, yanamwaga mchanga wa madini barabarani, mvua inausogeza hadi visimani. Dereva mwenyewe alikuwa amebeba.

#22 Tairi Kumi na Nane

Nilibeba sahani za shaba zilizosafishwa, si mchanga. Ila kweli malori ya mchanga wa kobalti yapo mengi, na turubai zenyewe zimechanika. Kwenye baadhi ya vizuizi wanapitisha kidude cha kupima mionzi. Nimeshaona gari la mwenzangu linawekwa pembeni kwa ajili hiyo, siku nne.

#23 Mutoto wa Panda

Hapo umenikumbusha Mura. Novemba 2007. Kulikuwa na malori ya mawe ya shaba yaliyokamatwa, yamepimwa yana mionzi mingi. Serikali ikaamuru yarudishwe Shinkolobwe yazikwe. Waliopewa kazi hawakufika. Wakamwaga kwenye muto Mura, karibu na Likasi, tani kumi na kitu. Watu walikuwa wanachota mule. Waziri wa mazingira alikuja, watu wakashikwa. Mama yangu alitupa maji yote yaliyokuwa ndani ya nyumba, hata ya kwenye birika la chai.

Sasa fikirieni: ile ndiyo iliyojulikana. Mangapi yamemwagwa usiku yasijulikane?

#24 Popo wa Mchana

Yaani unapewa sumu ukaizike ilikotoka, unaona njia ndefu, unaimwaga mtoni! Binadamu.

#25 Kinyozi wa Kasumbalesa

Si njia ndefu. Ni hela ya mafuta. Mafuta yaliuzwa.

#26 Msafiri wa Missouri

Niko St. Louis, Marekani, mwaka wa saba. Wakongo tuko wengi hapa. Nataka niwaambie kitu ambacho kilinitoa machozi siku nilipokijua.

Mawe ya Shinkolobwe yalikuja kusafishwa kwenye mji huu huu. Kampuni ya Mallinckrodt ilianza 1942. Taka ikarundikwa karibu na uwanja wa ndege, wazi, pembeni ya kijito kinachoitwa Coldwater Creek. Watoto wa Kizungu wamecheza kwenye kijito kile miaka na miaka. Mwaka 2019 wakala wa afya wa serikali uliandika kwamba waliocheza mle huenda wameongezewa hatari ya saratani. Mwaka 2022 ikafungwa shule ya msingi, Jana, iliyo pembeni ya kijito. Na 2025 Bunge la hapa limewaingiza wakazi wa maeneo hayo kwenye sheria ya fidia.

Mimi nimetoka Katanga, ukanda ule ule wa Likasi, nikakimbilia huku, nikapanga nyumba, na jirani yangu mmama wa miaka sabini ananionyesha kijito, ananiambia taka ilitoka "Belgian Congo". Nikamwambia mama, ndiko kwetu. Tukabaki tunatazamana.

#27 Nyundo ya Mwamba

Na Olen vilevile. Kijito cha Bankloop pale Ubelgiji kilipata radiamu kutoka kiwanda kile kile, wamekisafisha kwa gharama.

Kwa hiyo kitu kimoja kimethibitika bila ubishi: mawe haya yakikaa karibu na maji, yanaingia. Olen imetokea, St. Louis imetokea. Wanaosema Shinkolobwe kwenyewe haikutokea ndio wenye deni la ushahidi.

#28 Mchunga Ng'ombe Digitali

Hapana bwana, hapo umeruka. Olen na St. Louis ni taka iliyosagwa na kupikwa na kemikali, unga mtupu. Shinkolobwe ni jiwe. Jiwe na unga haviyeyuki sawa. Sukari guru na sukari ya unga, weka kwenye chai uone. Tena miamba ya kule ni dolomiti, jamii ya chokaa, inatuliza asidi, na asidi ikitulia shaba na kobalti zinaganda njiani.

#29 Nyundo ya Mwamba

Shaba na kobalti, ndiyo. Urani inapenda dolomiti. Kaboneti iliyo ndani ya chokaa inaishika mkono na kuitembeza. Chokaa kinachokuokoa na shaba ndicho kinachokuletea urani. Soma #4 tena.

#30 Mchunga Ng'ombe Digitali

Nimesoma. Umeandika vizuri, ila bila namba.

#31 Dada wa Likoni

Na namba ziko wapi? Ina maana toka 1921 hakuna aliyepima?

#32 Fundi Maabara

Wamepima, ila kila mtu kapima chake. Timu ya UNEP na OCHA, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na misaada, ilikwenda mwishoni mwa 2004 baada ya ile ajali. Walikaa siku chache, na hatari kubwa waliyoisisitiza ilikuwa mashimo kuporomoka. Kipimo cha siku chache ni picha moja. Maji ni sinema. Kisima cha Oktoba na kisima cha Februari ni visima viwili.

Kuna utafiti ninaoupenda zaidi kwa sababu haukupima maji, ulipima watu. Ulitoka 2009, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walichukua mkojo wa watu 351 Katanga. Wanaoishi ndani ya kilomita 10 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti, risasi, kadmiamu na urani nyingi kuliko wa mbali. Kobalti yao ilikuwa kati ya viwango vya juu kabisa kuwahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, na watoto ndio waliozidi. Mwaka 2020 ukaja mwingine Lubumbashi: akina baba wanaofanya kazi migodini, watoto wao walizaliwa na kasoro za mwili mara nyingi zaidi.

Ila mkojo hausemi urani ilipita mlango gani. Maji, vumbi, mboga, samaki, mikono ya mtoto anayelamba udongo, vyote vinaishia kwenye kikombe kimoja.

#33 Kyela Kwetu

Naomba kuchomekea. Kongo mnakuona mbali, sisi wa Kyela tuna ya jirani. Kayelekera, Malawi, karibu na Karonga. Ulifunguliwa 2009, ukasimama 2014, 2025 umeanza tena. Maji yake yanashuka mto Sere, yanaingia Rukuru ya Kaskazini, na Rukuru unamwaga wapi? Ziwa Nyasa. Januari 2015 ilipiga mvua kubwa, maji yakafurika pale mgodini, wakasema kidogo tu. Usipa hawana pasipoti, ndugu zangu.

#34 Msukuma Baiskeli

Usipa hawana pasipoti 😂😂 hii nailipia.

#35 Wa Songea

Na Namtumbo je? Mkuju River, kiwanda cha majaribio kimezinduliwa Julai 2025. Mto Mkuju unaingia Luwegu, Luwegu Rufiji, Rufiji ndiko kwenye bwawa la umeme. Nilitaka kuanzisha uzi wake.

#36 Ngoja Kwanza

Anzisha mkuu, huu tuuachie Shinkolobwe. Dereva kapotea, amepima?

#37 Tairi Kumi na Nane

Nipo. Nimepima jana. Wameona mayai ya kichocho kwenye mkojo. Nimepewa dawa, nimemeza, kichwa kinazunguka.

#38 Msukuma Baiskeli

KESI IMEFUNGWA. Hiroshima imeachiwa huru.

#39 Fundi Maabara

Haijafungwa. Tumejua kwa nini mkojo ni mwekundu. Kisima hatujakijua. Na mayai nayo yanaweza kukaa mwilini miaka bila kukusumbua, tumbo likawa la kitu kingine, taifodi au amiba. Umepima figo?

#40 Tairi Kumi na Nane

Figo wamesema ziko sawa.

#41 Popo wa Mchana

Ila wakuu, kuchemsha si kunaua?

#42 Fundi Maabara

Kunaua vijidudu. Urani haifi. Ukichemsha maji yanapungua, urani inabaki pale pale, kwa hiyo inakuwa nzito zaidi. Hata kale kadude kanacholia tik tik kwenye sinema, ukikaweka juu ya ndoo hakakuambii kitu. Mionzi ya urani iliyo ndani ya maji inazuiwa na maji yenyewe. Inabidi maabara.

#43 Dada wa Likoni

Basi si tupime? Dereva anapita kule kila mwezi. Nauli hatuna haja nayo.

#44 Tairi Kumi na Nane

Naondoka Jumanne. Niambieni tu cha kufanya. Yule mzee nataka nimrudie hata hivyo, nimemwekea majani ya chai na sukari.

#45 Fundi Maabara

Nunua chupa mpya za plastiki, za lita moja. Kila chupa isuuze mara tatu kwa maji yale yale utakayochota, kisha jaza hadi mdomoni. Usichukue kisima kimoja tu. Chukua kisima chako, kijito upande wa juu wa mgodi, kijito upande wa chini, na kisima kingine cha mbali kabisa kwa kulinganisha. Mgodini kwenyewe usiingie, pana ulinzi na mashimo. Andika saa, tarehe na mahali kwa simu. Kila mahali chupa mbili: moja iache hivyo, ya pili chuja na utie matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande ukutani mwa chupa. Maabara waombe urani, radiamu, kobalti, shaba, risasi, aseniki, salfeti, na uchachu wa maji. Kobalti na salfeti zikiwa juu na urani chini, Mchunga Ng'ombe kashinda. Urani na radiamu zikiwa juu, Nyundo.

#46 Nyundo ya Mwamba

Si rahisi hivyo. Mwamba wa Shinkolobwe wenyewe una kobalti na nikeli nyingi, kuna madini ya salfaidi yaliyoelezwa mara ya kwanza duniani kutoka pale pale. Zote zikiwa juu hatutajua ni mgodi, ni lori, au ni mwamba wa chini ya kijiji tangu kuumbwa kwa dunia. Ukanda mzima una urani, hata Swambo na kwingine. Kisima cha mbali hakitakuwa kisafi cha kulinganisha.

#47 Mchunga Ng'ombe Digitali

Afadhali umesema mwenyewe. Na apime masika NA kiangazi.

#48 Kinyozi wa Kasumbalesa

Mnamtuma dereva wa watu avuke mpaka na chupa ya asidi na maji ya Shinkolobwe. Forodha watamuuliza nini hiki, atasema nini? Maji ya upako?

#49 Mutoto wa Panda

Asivuke. Alete Lubumbashi, mimi nitapokea. Niko na rafiki pa chuo kikuu, asidi iko kule, tutatia siku hiyo hiyo. Lakini dereva, miye ninaomba kitu moja. Ukichota, mwambie yule mzee unapima nini. Wazungu walikuja wakachota, wakaenda. Creuseurs walipimwa, wakaenda. Hakuna aliyerudi kuwaambia iko namna gani. Ukirudi mikono mitupu bila majibu, kisima atakuonyesha, lakini stori hatakupa tena.

#50 Tairi Kumi na Nane

Sawa ndugu, nitumie namba yako pembeni. Chupa mpya nimepata sita. Mbili zilizobaki turnboy kaniletea za mafuta ya kula, anasema ameziosha na sabuni.

#51 Fundi Maabara

USITUMIE ZA MAFUTA.

#52 Msukuma Baiskeli

Mchango wangu huu: chupa mbili nanunua mimi. Uko Ubungo au umeshaingia Kimara?